Aliyegeukia Ukuta

Landrova ya gereza ilikuwa imeshaoshwa. Orpha Numbi, mpelelezi, aliiona mara tu alipoingia uani mwa kituo cha polisi, ikidondosha maji chini ya mjakaranda, akajua kwamba Kamanda Stanislas hatabadili neno lake. Baada ya chakula cha mchana gari lile lingekwenda gereza la Buluo, na Willy, mlinzi wa zahanati, angekuwa ndani yake.

Mke wa Willy alikuwa ameketi kwenye ngazi za kituo, bakuli la ugali wa bukari limefungwa kwa kitambaa juu ya mapaja yake. Aliitwa Marlène. Alikuwa hapo jana na juzi pia. Hakulia wala hakuuliza kitu. Alisogeza tu miguu yake ili mpelelezi apite, akasema kwa sauti ndogo, "Pole na kazi, mama."

Orpha angependa atukanwe. Matusi huingia sikio hili yakatokea lile, lakini "pole" ya mtu mwenye njaa hukaa begani siku nzima, na bega la Orpha lilikuwa limeshabeba mengi. Miaka yake ya upelelezi ilikuwa mingi kuliko meno ya kinywani mwake, hivyo ndivyo alivyozoea kutania, ingawa siku hizi hata utani wenyewe ulimchosha.

Ofisini, Stanislas alikuwa akijipepea kwa faili la kesi. Alisema, kabla hajasalimiwa, kwamba kazi imekwisha, atie sahihi tu. Akaisimulia tena kesi nzima kama mtu anayehofia kwamba akinyamaza itamponyoka.

Ilikuwa hivi. Alhamisi iliyopita, jua likizama, mashine ya oksijeni ya Zahanati ya Neema, kule Shituru, ilitoweka. Ilikuwa moja tu, ya kuwasaidia watoto wanaozaliwa wamechoka. Tangu hapo mtoto mmoja alikimbizwa hospitali kubwa kwa pikipiki, midomo yote ya bluu, akapona kwa rehema tu. Mwizi alipitia mlango mdogo wa uzio, ule unaotazama reli. Hakuuvunja. Aliufungua kwa ufunguo na kuufunga kwa ufunguo. Funguo zilikuwa mbili: moja ya mlinzi Willy, nyingine ya Bertin, msimamizi wa zahanati. Bertin aliondoka saa sita mchana kwenda Kakanda kumtazama baba yake, muzee aliyekuwa amefika mwisho, ambaye hakuweza kumaliza salamu bila kusimama kutafuta hewa. Alirudi kesho yake, akaikuta zahanati imeibiwa, akaja mwenyewe kutoa taarifa na macho mekundu. Willy kwa upande wake alisema umeme uliporudi jioni ile na pampu ikawaka, alikimbilia bomba la mtaani, lenye maji safi kuliko lile la kufulia, kuwatekea kina mama maji ya kuoga, na foleni ikawa ndefu. Wenzake wa foleni hawakumkumbuka vizuri.

"Na kile kipimo cha maadili kimemusema," alimalizia Stanislas. "Kati ya wafanyakazi bote, yeye njo wa chini kabisa. Unataka nini tena, mama Orpha?"

Orpha alitaka kuketi. Badala yake aliomba tukio lirudiwe palepale zahanati, watu wapite walipopita, kama utaratibu unavyodai kabla mshtakiwa hajahamishwa. Hilo Stanislas hakuweza kulikataa, maana mwendesha mashtaka angeliuliza. Alikubali kwa kununa. Angemleta Willy zahanati mwenyewe, na kutoka hapo landrova ingeshika njia ya Buluo moja kwa moja.

Basi Orpha alikuwa na asubuhi tu.

Kuelekea Shituru, hewa ilikuwa na ile harufu kali ya kiwanda inayokaa kooni kama dawa iliyogoma kushuka. Mvua za kwanza zilikuwa zimekataa kunyesha, na vumbi jekundu lilikuwa limepaka majani, mabati na nywele za watu rangi moja.

Mtu wa kipimo alikuwa kijana mwembamba anayeitwa Hervé, msomi wa saikolojia kutoka Lubumbashi. Kamati ya zahanati ilimwalika, mwezi mmoja kabla ya wizi, apime namna watu wanavyotofautiana katika kuona jema na baya, ili wajue nani afundishwe nini. Alikuwa bado analala katika chumba cha chanjo, kati ya majokofu. Alipomwona Orpha alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Mama inspecteur, niliwaambia mapema: hii haipime mwizi. Inapima muntu anaweka uzito wapi. Huyu anaweka kwa huruma, mwingine kwa haki, mwingine kwa watu wake, mwingine kwa heshima. Hakuna muntu wa chini. Lakini kamati ilijumlisha yote, ikapanga watu kama matokeo ya shule."

Orpha alimwambia amwonyeshe jinsi kipimo kinavyofanyika. Hervé akatoa vikombe vya plastiki na mfuko wa mahindi makavu. Alikuwa akisimulia kisa kifupi, na msikilizaji alitia punje katika kikombe: ubaya ukizidi, punje zinazidi. Kulikuwa na kisa cha baba aliyechukua dawa isiyo yake ili mtoto wake apone. Wengi walitia konzi nzima. Willy hakutia hata punje moja.

"Alicheka," alisema Hervé. "Akasema, minye ningefanya vile, na weye pia ungefanya, ila weye umesoma."

"Na Bertin?"

"Papa Bertin alitia punje nyingi kila mahali. Lakini kikombe cha heshima, aa, kile kilimwagika. Kisa ni cha kijana anayemujibu mama-mkwe wake mbele ya watu. Papa Bertin alisema mahindi yangu hayatoshi."

Orpha aliuliza kama kuna mtu aliyekosekana. Hervé alifikiri, akasema ni yule mama mzee wa kufua mashuka, Mama Mbombo. Alianza vizuri, anacheka na kuuliza kama atapewa mahindi aende nayo. Kisha Bertin aliingia kuleta maji ya kunywa. Mama akavuta kitambaa hadi kwenye pua, akatokea mlango wa nyuma, asirudi tena. Hervé alimwandika kuwa hakumaliza.

Mzee anayemkimbia msimamizi wake. Orpha aliliweka neno hilo moyoni. Alikuwa amewaona wasimamizi wengi, wapole mbele ya polisi na chui mbele ya mfuaji. Alitembea kuelekea ofisi ya Bertin akiwa ameshamchukia kidogo, na chuki hiyo ilimpa nguvu aliyokuwa ameikosa tangu asubuhi.

Haikudumu. Bertin alisimama kumpokea, akampa kiti chake mwenyewe kwa kuwa ndicho pekee chenye mto, akaenda kumletea maji bila kumtuma mtu. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani. Ukutani palikuwa na kitambaa cheupe kilichotariziwa kwa uzi wa bluu: Bertin na Viviane, Mungu alituunganisha.

Alijibu kila swali. Ndiyo, ufunguo wake ulikuwa naye Kakanda. Ndiyo, aliondoka saa sita. Hapana, hakuwa na ugomvi na Willy, na hata sasa moyo wake ulimuuma kwa ajili yake.

"Kama ile mashine ingerudi," alisema, "minye ningeomba bamuachilie. Iko na batoto wadogo."

"Ingerudi vipi, papa?"

Bertin alitazama mikono yake. Alisema Mungu ana njia zake.

Hapo simu yake ililia. Ilikuwa simu ndogo ya zamani, ya aina inayopiga kelele hata ikiwa sikioni, na Orpha aliisikia sauti yote kutoka upande wa pili: muzee akisalimu kwa Kiluba cha Kasai, akiuliza hali ya wajukuu jina kwa jina, akilalamika kwamba aliahidiwa tumbaku ya kunusa na hajaiona, akicheka mzaha wake mwenyewe, yote kwa mkupuo mmoja, bila kituo. Bertin alisema kwa haraka kwamba atapiga baadaye. Akaikata.

"Ni baba?" aliuliza Orpha.

"Njo yeye."

"Nashukuru kusikia amepata nafuu."

"Maombi, mama. Maombi tu."

Orpha alikunywa maji yake taratibu. Hakuwa mtu wa kudharau maombi. Lakini baba yake mwenyewe alikufa kwa vumbi la mgodi, na alijua kwamba mapafu ya namna hiyo hayarudi. Mtu ambaye wiki iliyopita hakuweza kumaliza salamu, leo anadai tumbaku kwa mkupuo mmoja. Kuna kitu kinampulizia.

Alitoka nje akasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Alichokuwa nacho ni pumzi ya mzee kwenye simu, na Stanislas hangeizuia landrova kwa pumzi. Kumtuma mtu Kakanda na kurudi kungemaliza mchana wote, na landrova ingekuwa imeshaondoka. Alihitaji mtu aliyemwona Bertin hapa zahanati jioni ya Alhamisi, saa ambayo yeye alisema yuko mbali. Kutoka mlango mdogo hadi mlango wa nyuma wa jengo palikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilipita mbele ya bomba la kufulia.

Mama Mbombo alikuwa pale, amekaa kwenye kigoda kati ya beseni mbili, mikono imo ndani ya povu hadi kwenye viwiko. Siku ya kwanza polisi walimuuliza alimwona nani. Alisema hakuona uso wa mtu. Waliandika kwamba hakuona kitu, wakaendelea na safari yao.

"Muoyo, mama," Orpha alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Muoyo, mwana. Ingia kivulini. Uko na macho ya muntu mwenye kukosa usingizi."

Orpha aligeuza ndoo akaikalia. Alishika ncha ya shuka lililokuwa likikamuliwa, na kwa muda walikamua pamoja, mmoja huku, mmoja kule, maji yakianguka kati yao. Alisema tu kwamba leo Willy anapelekwa Buluo. Mikono ya mzee ilisimama, kisha ikaendelea.

Orpha alimwomba asimulie ile jioni upya, si alichoona, bali alichofanya. Mama Mbombo alisema alikuwa anasuuza. Umeme ulikuwa umerudi, Willy akapita na madumu akielekea bomba la mtaani, wakataniana. Baadaye akasikia mlango wa reli unafunguliwa. Akainua macho.

"Halafu?"

"Halafu niligeukia ukuta. Nilivuta kitambaa. Muntu akapita, akaingia, akatoka, akapita tena na muzigo. Minye nilikuwa naangalia ukuta. Uso sikuuona."

Orpha aliacha kukamua. Alikuwa ameliona tendo hilo utotoni: mama yake katikati ya soko, na tenga la mboga ya lengalenga kichwani, akiruka mtaro ili asikutane uso kwa uso na mume wa binti yake. Watu hawakucheka wala hawakushangaa. Lilikuwa jambo la kawaida kama kuvua viatu mlangoni, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu yeyote zahanati aliyeona linafaa kuambiwa polisi.

"Mama," alisema polepole, "kama Willy njo alikuwa anapita, ungegeukia ukuta?"

Mzee alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Willy? Willy namuita aje anikamulie blanketi. Namugeukia ukuta juu ya nini?"

"Hapa zahanati, uko na muko?"

Kicheko kiliisha. Muko ni mkwe. Mzee alilitazama povu likipasuka kidogo kidogo.

"Iko mumoja."

Orpha hakumuuliza jina. Mzee alilishukuru hilo kwa kichwa, akasema mwenyewe kilichobaki, kwa sauti ya mtu anayeweka mzigo chini. Dada yake alikufa akaacha binti, Viviane. Yeye ndiye aliyemlea, yeye ndiye aliyemtoa kwa ndoa. Jina la mtu aliyemwoa hajalitamka tangu siku ile, na kumnyooshea kidole mbele ya serikali ilikuwa sawa na kumlaani yeye pamoja na wajukuu. Lakini kila jioni alikuwa akimpelekea Marlène nusu ya bukari yake.

"Hakuna muntu aliniuliza muzuri," alisema. "Baliuliza paka ile tu, nilimuona nani. Minye sikusema uongo, mwana. Nilikuwa nangojea muntu aulize muzuri."

Landrova ilifika wakati jua liko utosini. Stanislas alishuka kwanza, kisha Willy, mikono imefungwa kwa pingu, shati lake limelegea mabegani. Marlène alikuwa ametangulia kwa miguu, bakuli kichwani, na sasa alisimama nje ya uzio akihema.

Orpha alieleza utaratibu bila kupandisha sauti. Kila mtu angeingia kwa mlango wa reli, apite mbele ya bomba, aingie kwa mlango wa nyuma. Mama Mbombo angeketi alivyoketi Alhamisi. Basi. Stanislas alitazama saa yake kwa namna ambayo kila mtu aliiona.

Hervé alipita kwanza, akiwa ameona aibu kwa sababu asiyoijua. Mzee aliendelea kusuuza. Stanislas mwenyewe alipita, tumbo mbele, na mzee akamwambia asimkanyagie mashuka. Kisha Willy. Alipofika kwenye beseni alisimama, na Mama Mbombo akamtazama usoni waziwazi, juu hadi chini.

"Weye mutoto, ulikonda," alisema. "Baliacha kukupa kula?"

"Bananipa, mama. Paka moyo tu unakataa."

Akapita. Akabaki Bertin.

Alikuwa amesimama kwenye mlango mdogo, ufunguo mkononi. Kutoka pale hadi kwenye bomba palikuwa karibu kiasi cha kusikia maji yakidondoka. Aliutazama mgongo wa mzee. Mama Mbombo hakuinua kichwa, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeshatoka majini, unatafuta ncha ya kitambaa shingoni.

"Pita, papa Bertin," alisema Orpha.

Hakupita. Stanislas alianza kusema kitu, Orpha akamzuia kwa kiganja. Treni ya mizigo ilipiga honi mbali, upande wa stesheni, ikanyamaza.

"Mama Orpha," alisema Bertin mwishowe. "Usimufanyishe vile mbele ya bantu."

"Nisimfanyishe nini?"

"Minye nikipita atajifunika. Na bote batajua. Heshima yake haiwezi kuwa kamba ya kunifunga minye." Alipiga hatua moja nyuma, nje ya mlango, kama anayeondoka kwenye nyumba ya watu. "Yeye hana kosa. Willy hana kosa. Mashine iko Kakanda, pembeni ya kitanda cha baba."

Mengine aliyasema amesimama palepale, nje ya mlango, na hakuna aliyelazimika kumuuliza. Aliiomba kamati imwazime mashine kwa siku chache, ikamsomea sheria ya zahanati: kifaa hakitoki. Sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe alipoanza kazi, na alijivunia kuiandika. Alirudi kutoka Kakanda jioni ile kwa gari la mtu, akamngojea Willy aende bombani, akaingia. Alimwona mama-mkwe wake akigeukia ukuta. Alijua kwamba amejulikana, na alijua pia kwamba hatasemwa, na tangu siku hiyo jambo hilo la pili ndilo lililomnyima usingizi. Alikuwa akingoja baba yake apate nguvu kidogo, airudishe. Lakini kila alipopiga simu, muzee alikuwa anacheka. Nani angekata kicheko kile?

Orpha alijisikia mzito kuliko asubuhi. Alikuwa amempata aliyemtafuta, na kilichomwingia moyoni hakikufanana hata kidogo na ushindi.

Stanislas alimfungua Willy pingu, akazitazama kama mtu asiyejua aziweke wapi. "Basi kile kipimo kilidanganya," alinong'ona.

"Hapana, chef," alisema Hervé kutoka mlango wa nyuma. Macho yake yalikuwa kwa Bertin. "Hakikudanganya. Tulijumlisha tu; kikombe cha heshima cha papa Bertin hakuna aliyekisoma."

Orpha alimvuta kamanda pembeni. Alimwambia kwamba landrova imeoshwa, ina mafuta, na inangojea safari. Buluo hapakuwa na mtu wa kupelekwa leo. Lakini Kakanda kulikuwa na mzee ambaye mashine ikichomolewa hatafika kesho, na hapa kulikuwa na watoto ambao mashine isiporudi hawataiona kesho yao. Gari liende likamchukue muzee na mashine ikiwa ingali inampulizia, alazwe hospitali kubwa penye hewa ya mitungi, kisha mashine irudi Shituru. Na Bertin apande gari hilohilo, amwambie baba yake kwa mdomo wake mwenyewe. Stanislas alisema haijawahi kufanyika. Halafu alimtazama Marlène, aliyekuwa amekaa chini kwenye vumbi akifungua kitambaa cha bakuli, akasema haya, iende.

Walimtoa Bertin kwa kuzunguka nje, kando ya reli, asipite bombani. Ni Orpha aliyeamuru hivyo. Willy, bukari bado shavuni, alikimbia kulifungua lango kubwa kama kazi yake ilivyo, na landrova ilipompita, Bertin aliinamisha kichwa, na Willy naye akainamisha chake.

Nyuma ya jengo mtu hakuweza kuliona gari, wala gari halikuweza kumwona mtu. Hata hivyo Mama Mbombo aliposikia injini, alitoa mikono yake majini, akaikausha kwenye kitenge, akageukia ukuta. Alivuta kitambaa hadi kwenye pua. Akakaa hivyo, mgongo umenyooka, mpaka mlio ulipopotea upande wa njia ya Kakanda, na Orpha, aliyekuwa amesimama karibu na mashuka yanayodondosha maji, hakuthubutu kukaa mpaka mzee alipogeuka.